Theopista wa Kwenye Mifano

Siku Efraimu alipoacha kuja dukani ilikuwa Jumanne, wiki ya pili baada ya Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeshika, na mimi ndiye niliyemwambia asije. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili huko mbele nisije nikajionea huruma kuliko ninavyostahili.

Duka ninalofanyia kazi lipo mjini, mtaa wa Pasua, karibu na soko. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za misa na mitihani ya shule. Mwaka mmoja kabla ya Jumanne hiyo aliingia mwanaume mrefu, mkoba wa ngozi begani na daftari jeusi mkononi.

"Dada, unachapa Kiswahili?"

"Nachapa chochote, mradi mwandiko usomeke."

Akafungua daftari, akanisogezea. Mwandiko ulikuwa umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

"Huu hausomeki," nikamwambia.

"Basi nitakaa hapa nikusomee."

Akakaa kwenye benchi akaanza kusoma, mimi nikachapa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, amepanga chumba Shirimatunda, kwao ni Machame. Ndani ya mkoba alikuwa na kitabu kidogo chenye jalada la kijivu, kinachohusu mantiki na lugha, cha mzungu mmoja aliyekufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Efraimu alikisoma chuoni, hakukielewa, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote. Sasa alikuwa anakitafsiri, na kila baada ya aya ya mzungu aliandika maelezo yake mwenyewe, ili mtoto wa kidato cha tano aweze kukisoma bila mtu wa kumshika mkono. Mifano ya kitabu ilikuwa ya wafalme na meli. Yeye akaweka migomba, ng'ombe na watu wa huku kwetu.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Nilimwambia hivyo siku ya tatu, aliponiuliza kama ukurasa ule umeeleweka.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," akasema. "Wenzangu shuleni wakisikia neno mantiki wanatikisa kichwa kwamba wameelewa. Wewe husemi umeelewa kama hujaelewa."

"Basi sijaelewa."

Akacheka, akaanza upya. Akaniambia jina ni kama kidole, kazi yake ni kuonyesha tu. Nikamuuliza, je, nikinyoosha kidole mahali ambapo hapana mtu?

"Hapo," akasema, "mzungu wetu alihangaika kurasa kumi na mbili."

Tulipendana hivyo, mbele ya wateja, tukibishana juu ya vidole. Kuna siku alikuwa anasoma nami nachapa, ghafla akanyamaza. Nilipogeuka nikakuta ananitazama, daftari limefungwa kwenye kidole chake.

"Endelea," nikasema.

"Nimepotea mstari," akasema, lakini hakutazama chini kuutafuta.

Mimi ni mtu wa Kibosho. Kichagga cha Kibosho na cha Machame havisikilizani vizuri, kwa hiyo mapenzi yetu yote tuliyaongea kwa Kiswahili, kama watu waliokutana ugenini, wakati kati ya kwao na kwetu ni mto Weruweru tu. Mama yangu aliuona mto huo mpana sana.

"Mlutheri," alisema nilipompelekea habari. "Na ni wa Machame. Watoto mtawabatiza wapi, Mektrida? Katikati ya daraja?"

"Mama, hata posa bado."

"Ndiyo nakuuliza mapema. Na hicho kitabu anachokuletea mwaka mzima hakiishi? Mimi mwanaume mwenye maneno mengi namwogopa."

Ilichukua miezi mitano Mama kukubali. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, siku ikapangwa: Jumamosi wazee wa Efraimu wangekuja Kibosho na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kuniomba. Mama alipaka sebule chokaa mpya huku akilalamika.

Lakini maneno yake yalikuwa yameshaingia ndani yangu. Niliposoma jambo lolote la Efraimu nililisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho yangu na mara ya pili kwa macho ya Mama.

Jirani ya duka, hatua kama ishirini, kuna kibanda cha mtori wa ndizi na maziwa mgando. Mwenye kibanda ni Theopista. Yeye nami tumetoka kijiji kimoja, tumekaa dawati moja shule ya msingi, tumeimba kwaya moja. Mume wake alimwacha zamani. Ni mzuri, na anacheka na kila mteja, na kila mteja anadhani anachekewa peke yake. Wateja wanamwita Mama Jovin. Efraimu alikula pale kila alipokuja kwangu. Sikuwahi kulitia jambo hilo maanani.

Jumatatu ile aliniachia daftari la nne, kwa sababu mwandiko wake nilikuwa nimeshauzoea. Jumanne asubuhi nikalifungua. Sehemu hiyo ilieleza namna sentensi zinavyoshikana, kwamba moja ikiwa kweli nyingine nayo haina budi kuwa kweli, au kuwa uongo. Chini ya maelezo ilikuwepo mifano. Niliichapa kama ilivyo, na mpaka leo ipo kwenye kompyuta:

*Theopista yupo Pasua.*

*Theopista anampenda mwalimu.*

*Si kweli kwamba Theopista hampendi mwalimu.*

*Ama mwalimu atamwoa Theopista, ama hatamwoa.*

Nilipofika huo wa mwisho vidole vikasimama. Nikausoma kwa macho yangu. Kisha nikausoma kwa macho ya Mama.

Efraimu alikuja saa sita. Nje alikuwa ameegesha pikipiki, na nyuma yake amefunga mfuko wa ulezi. Shule ilikuwa likizo, naye alikuwa anapanda Machame kuwapelekea wazee ulezi wa mbege ya Jumamosi. Alikuwa na mwavuli mkononi, na furaha usoni, na furaha hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

"Kaa," nikamwambia.

"Sikai sana, mvua ile inakuja. Umefika wapi?"

"Nimefika kwa Theopista."

"Ah, sehemu ya nne. Ilikusumbua?"

"Theopista ni nani, Efraimu?"

"Si mtu," akasema. "Ni wa kwenye mifano."

"Sasa kwa nini yupo Pasua?"

"Kwa sababu hapa ndipo ninapoandikia. Ningemweka Mabogini ungeniuliza kwa nini Mabogini."

"Na kwa nini anampenda mwalimu?"

Akacheka. "Kichwa changu wiki hii kina posa tu, Meki. Ningeandika juu ya ng'ombe, naye angependa."

"Na hii." Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. "Ama atamwoa, ama hatamwoa. Kumbe bado unafikiria."

"Soma tena. Hiyo ni kweli siku zote, mtu akioa, asipooa. Kitabu kinasema sentensi ya namna hiyo haituambii lolote."

"Mimi imeniambia mengi."

Hapo akaacha kucheka. Akaweka mwavuli kwenye benchi, akanisogelea mpaka kaunta.

"Sikiliza. Nilitafuta jina ambalo simjui mtu yeyote aliye nalo. Kama ningeweka Aikaeli, dada yangu angeuliza. Kama ningeweka Elizabeth, mama mdogo angeuliza. Theopista simjui hata mmoja. Jina halina mtu, kwa hiyo halimuumizi mtu."

"Humjui Theopista hata mmoja."

"Hata mmoja."

"Niapie."

"Mektrida, kwa nini niape kwa kitu kama hicho?"

"Jina langu hulijui? Mwaka mzima umekaa kwenye benchi hilo, kurasa mia, sijawahi kujiona hata mara moja. Kuna migomba, kuna ng'ombe, kuna mpaka fundi viatu wa kule sokoni. Mektrida hayupo."

"Jina lako siwezi kuliweka kwenye mifano," akasema. "Nusu ya mifano lazima iwe ya uongo, ndivyo kitabu kilivyo. Sitaki kuandika uongo juu yako, hata kwa kazi."

Leo nikiyakumbuka maneno hayo nalazimika kuacha kuchapa na kutoka nje kidogo. Siku ile nilisikia kisingizio kilichopangwa vizuri na mtu mwenye maneno mengi.

"Mchana unakula wapi?" nikamuuliza.

"Si unajua? Hapo kwa Mama Jovin."

"Enhe. Umejibu mwenyewe."

"Nimejibu nini?"

"Nenda, Efraimu. Na wazee wako waambie Jumamosi wasije."

"Meki, ndizi zimechemshwa tangu Jumapili. Ulezi huo hapo nje."

"Basi mbege wainywe wenyewe."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilitazama printa. Nilijua kwamba nikimtazama nitalegea, na sikutaka kulegea mbele ya mwongo. Akachukua mwavuli na mkoba, akatoka. Daftari la nne likabaki kwenye kaunta.

Nikafunga duka saa saba na nusu. Sijawahi kufanya hivyo siku ya kazi. Nilipita kichochoro cha nyuma ili nisione nani yupo kwenye kibanda cha Theopista, na njia nzima nikawa na uhakika kwamba yupo.

Jioni simu ikaita. Kwenye kioo likatokea jina lake. Nikaiacha iite mpaka ikachoka. Ikaita tena, na tena. Mara saba, mpaka Jumatano saa nne asubuhi. Kila ilipoita nilipata raha fulani ambayo sasa naiona aibu. Nilijisemea, anahangaika, acha ahangaike. Ya saba ilipokwisha nikaizuia namba yake.

Jumatano mchana nikaenda kula mtori kwa Theopista. Sikuwa na njaa.

"Karibu, mtu wa kompyuta," akasema. "Leo umetukumbuka. Nikuwekee nyama?"

"Weka."

Nilikaa nikiangaza macho kila kona. Nyuma yake, kwenye msumari, ulikuwa unaning'inia mwavuli wa Efraimu, mweusi, mpini umefungwa uzi wa bluu. Nikalisukuma bakuli la mtori kando.

"Na mwalimu wako?" Theopista akauliza, huku akipangusa meza. "Mbona leo simwoni?"

"Mwalimu wangu?"

"Basi ni wa nani?" Akacheka. "Mektrida, wewe na huyo mtu ni vichekesho. Jana bwana amenichekesha hapa..."

"Nimeshiba," nikasema, nikainuka.

"Mtori hujaugusa."

"Nimesema nimeshiba, Theopista."

Akabaki na kitambaa mkononi. Sikutaka kusikia alivyochekeshwa.

Alhamisi kibanda kilikuwa kimefungwa. Ijumaa pia. Efraimu hayupo, Theopista hayupo, mwavuli upo ndani ya kibanda. Nilihesabu hayo kama mtu anayepanga sentensi, moja juu ya nyingine, na jibu likatoka lenyewe. Nilijisifu kwamba angalau kitabu kimenifunza kufikiri.

Jumamosi nikapanda Kibosho. Sebule ilinukia chokaa. Mama alikuwa ameshaambiwa kwamba wageni hawaji, lakini alikuwa amevaa vizuri hata hivyo, akakaa mlangoni akitazama njia mpaka saa tisa.

"Hata kuomba radhi hawakuja," akasema mwishowe. "Watu wazima na ndevu zao."

"Niliwaambia wasije, Mama."

"Mwanaume anayekutaka akiambiwa asije, anakuja." Akanitazama, sauti ikashuka. "Mwanangu, ni heri umemjua mapema. Kula, ndizi zimepoa."

Nikala. Alikuwa na haki ya kufurahi, na hakufurahi, nami nikampenda kwa hilo.

Jumatatu Theopista alirudi, ngozi imeungua kwa jua, kucha zina tope.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza pale barabarani, bila salamu.

"Mabogini, napandikiza mpunga. Kuna nini?"

"Na nani?"

"Na vibarua, na ruba. Mektrida, una nini siku hizi? Unaniangalia kama nimekuibia kuku."

Nilipita.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa tano, akaingia dukani mwanamke amefunga kitambaa cheusi kichwani. Begani kwake ulikuwa mkoba wa ngozi wa Efraimu. Naomba nisamehewe kwa kilichonijia kwanza. Nilijisemea, kumbe wako wawili.

"Habari za kazi," akasema, kwa lafudhi ya Machame. "Wewe ndiye Mektrida?"

"Ndiye."

"Naitwa Aikaeli. Efraimu ni mdogo wangu."

"Mwambie madaftari matatu yapo tayari. La nne sichapi mpaka aje mwenyewe anieleze."

Alitafuta benchi kwa mkono kama mtu asiyeona, akakaa pale pale alipokuwa akikaa Efraimu.

"Wifi," akasema. "Ina maana hukujua zile simu ni zangu?"

"Simu zipi?"

"Nilikupigia kwa simu yake. Yangu haikuwa na namba yako. Jumanne jioni nilipiga, na Jumatano asubuhi nikapiga, kutoka hospitali."

Nakumbuka mashine ya fotokopi ilikuwa inapiga kelele na nilitamani mtu aizime, kisha nikakumbuka kwamba mtu huyo ni mimi.

"Pikipiki iliteleza kwenye kona, karibu amefika," Aikaeli akaendelea. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi. "Mvua ilikuwa kubwa, hakuwa hata na mwavuli. Ulezi haukumwagika, mfuko ulikuwa mzima. Alifika hospitali bado anapumua, ila hasemi. Nilifikiri akiisikia sauti yako... Ndiyo sababu nilipiga. Alituacha Alhamisi alfajiri. Tulimzika Jumamosi, pale nyumbani kihambani, kwenye migomba, karibu na baba."

"Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi. Mbege iliyokuwa yako ndiyo waliyokunywa waliochimba kaburi. Haikuwepo nyingine."

Nilikuwa nimesema wainywe wenyewe. Sikumwambia Aikaeli hilo siku ile. Nimemwambia baadaye, naye alinishika mkono.

"Nilikasirika nawe," akasema. "Nikasema, mwanamke gani haji kumzika mtu wake. Nimekuja kuchukua madaftari nisikuone tena. Lakini naona uso wako."

"Dada Aikaeli..."

"Nakuita wifi, nawe niite wifi. Posa ilikuwa imeshapikwa."

Sijui nililia kwa muda gani. Najua Theopista alisikia, akaja mbio, mwiko bado upo mkononi. Alipoelezwa alikaa chini sakafuni.

"Mwalimu?" akasema. "Yule mwalimu wetu?"

Neno hilo "wetu" likanichoma hata wakati ule. Nikainua kichwa. "Niambie ukweli, Theopista. Mbele ya dada yake. Kulikuwa na nini kati yenu?"

"Kati yetu na nani?"

"Mwavuli wake upo kwenye kibanda chako."

Alinikodolea macho. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile ukaacha mtori," akasema. "Jumanne alitoka hapa kwako akaja pale kwangu, amekaa kama mtu aliyepigwa. Hakula. Mwishowe akaniuliza, 'Mama Jovin, wewe ni mwenyeji hapa. Unamjua mtu yeyote anayeitwa Theopista?' Nikamwambia, unamtafutia nini? Akasema, 'Nimeambiwa namjua, na mimi simjui.' Nikacheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, Mwalimu, mwaka mzima unakula mtori wa Theopista. Theopista ndiye mimi."

"Akasemaje?"

"Alinitazama, kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Akasema kwao Machame hajawahi kusikia mtu mwenye jina hilo, alidhani limebaki kwenye kalenda ya watakatifu tu. Nikamwambia Kibosho ukirusha jiwe unampiga Theopista. Akainuka mbio kuja kwako, mwavuli akausahau. Akakuta umefunga."

"Nilifunga saa saba na nusu."

"Alikaa pale kwenye ngazi yako kama nusu saa, anaandika. Mvua ilipoanza akaondoka. Akanipungia mkono akasema, 'Jumamosi namweleza yote.'"

Aikaeli alikuwa ameshafungua mkoba. Ndani kilikuwemo kitabu cha kijivu, jalada limelowa na kukauka, na daftari la tano. Lilikuwa limeandikwa ukurasa mmoja tu. Wino ulikuwa umeenea kidogo, lakini mwandiko ule mimi nausoma hata ukiwa majini.

Juu alikuwa ameandika maelezo, ya kuingiza mwisho wa sehemu ya nne: *Mtu anaweza kukijua kitu kwa jina moja, akakikana kwa jina la pili, na asiwe mwongo. Anayemsikiliza naye anaweza kumwona mwongo, na asiwe mbaya. Mfano: mimi na Mama Jovin.*

Akaruka mistari miwili. Chini yake akaandika sentensi moja, peke yake, bila maelezo:

*Mektrida amefunga duka.*

Nilitafuta kurasa zote za madaftari yote matano, mbele na nyuma. Hakuna mahali pengine aliponiandika. Aliniambia hataki kuandika uongo juu yangu, na hakuandika.

Wiki iliyofuata nilipanda Machame na Mama. Yeye ndiye aliyesema twende. Alibeba mkungu wa ndizi kichwani kama msichana, na tulipofika kaburini alipiga magoti, akaomba sala zake za Kikatoliki kwa sauti, katikati ya Walutheri, na wao wakamwitikia amina.

Aikaeli hakuyachukua madaftari. Alisema kazi ina mwenyewe. Shule aliyofundisha Efraimu inaungoja mswada, na mwalimu mwenzake atalinganisha na kitabu kabla haujatolewa nakala kwa wanafunzi. Mwandiko naufahamu, lakini siwezi kusoma na kuchapa kwa pamoja, macho yanajaa. Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi saa kumi jioni Theopista hufunga kibanda, huja na maziwa mgando, hukaa kwenye benchi na kunisomea. Husoma polepole, anakwama, mimi namwelekeza.

Tulipofika sehemu ya nne alisimama. "Hapa nampenda mwalimu," akasema.

"Si wewe."

"Jina ni langu."

"Jina ni lako, lakini si wewe. Soma."

Akavuta pumzi. "Ama mwalimu atamwoa Theopista, ama hatamwoa." Akanitazama juu ya daftari. "Hii nayo ina maana gani?"

"Haituambii lolote," nikamwambia, nikaichapa.

Mifano yote nimeiacha kama alivyoiandika. Ukurasa wa daftari la tano nimeuingiza mahali alipotaka uingie, pamoja na ile sentensi yangu. Tumefika ukurasa wa mia moja na nne, zimebaki thelathini na mbili. Mwavuli unaning'inia hapa dukani, nyuma ya mlango. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi na linafungwa saa kumi na mbili jioni.